Fundi umeme anayerudi kazini: Leseni ni gharama au ni mtaji?

UMEME umefika kijijini. Kwa takwimu za Serikali, vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme, na kazi kubwa iliyobaki ni kuusambaza katika vitongoji, ambavyo idadi yake ni 64,359. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Kilio cha miaka mingi cha kusubiri nguzo kinapungua. Kilio kipya ni cha kumpata mtu wa kuuingiza umeme huo ndani ya nyumba, ndani ya banda la kuku na kwenye mashine ya kusaga bila kuteketeza mali.

Mahitaji hayo yamewarudisha kazini watu ambao walikwisha kuitupa testa kabatini. Wapo waliosoma VETA, wakafanya kazi kwa wakandarasi Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, kisha ajira zikakoma wakarudi kulima korosho, mpunga au alizeti. Wapo waliofungua duka, na wapo walionunua bodaboda. Sasa nguzo zimepita mbele ya nyumba zao, majirani wanawagongea mlango, nao wanaona hapa pana riziki.

Ni jambo jema. Hata hivyo, fundi huyu anarudi katika kazi ambayo kanuni zake zimebadilika wakati yeye hayupo. Asipozijua atafanya kazi ya jasho na faida itakwenda kwa mwingine. Na mkulima anayemwajiri asipozijua atalipa mara mbili.

Kilichobadilika

Aliyeacha kazi mwaka 2005 aliiacha kabla Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) haijaanza kufanya kazi. Sheria iliyoiunda ni ya mwaka 2001, lakini mamlaka yenyewe ilianza shughuli mwaka 2006. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, ambayo iliweka kazi ya ufungaji wa umeme katika orodha ya shughuli zinazohitaji leseni, sambamba na kuzalisha, kusafirisha na kusambaza umeme. Kwa hiyo anayetandaza nyaya katika nyumba ya mtu kwa malipo, hata iwe nyumba ya vyumba viwili, anafanya shughuli inayodhibitiwa kisheria.

Leseni za EWURA zina madaraja. Daraja A ndilo pana kuliko yote, na upana huo unapungua kushuka hadi D. Lipo pia daraja W la mafundi wa nyaya, na madaraja ya S kwa kazi maalumu. Maombi yanafanyika kwa mtandao. Anayetaka kuchukua kazi kama kampuni ya ukandarasi anakutana pia na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997.

Vyeti navyo vimebadilika. Wengi wa mafundi wanaorudi wana vyeti vya zamani vya majaribio ya ufundi, yaani daraja la III, II na I. VETA sasa inatoa tuzo za NVA ngazi ya I, II na III. Aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mkubwa bila kukaa darasani naye hajasahauliwa, kwani VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti.

Hata mlango wa TANESCO umebadilika. Mteja anaomba kuunganishiwa kupitia mfumo wa NIKONEKT kwa simu au kompyuta, na katika maombi yake hutakiwa kuonyesha kuwa nyaya zimetandazwa na mtu anayetambuliwa. Hapa ndipo tatizo linapoanzia.

Biashara ya mhuri

Kila anayeishi karibu na mradi wa umeme anaujua mchezo huu. Fundi wa mtaani anatandaza nyaya tangu asubuhi hadi jioni, siku tatu au nne. Kazi ikiisha anabeba fomu na kwenda mjini kwa mwenye leseni. Mwenye leseni anagonga mhuri, anapokea fedha, na fundi anarudi na fomu. Mwenye mhuri hakufika kwenye nyumba, hakufungua hata soketi moja, na hakupima chochote.

Kiuchumi, tuliangalie jambo hili lilivyo. Sheria inataka mtu mwenye ujuzi athibitishe kwamba nyumba ni salama. Uthibitisho ni huduma, na huduma ina bei. Katika biashara ya mhuri bei inalipwa ila huduma haitolewi. Fundi anapoteza sehemu ya ujira wake, mwenye nyumba anapata karatasi, na mwenye mhuri anavuna kodi ya leseni yake kama mtu aliyekodisha shamba. Moto ukitokea, kila mmoja anamwonyesha kidole mwenzake.

Wengine wanasema dawa ni kuwakamata wote wasio na leseni, kwa kuwa hao ndio vishoka. Sikubaliani na hoja hiyo moja kwa moja. Kishoka ni mtu anayejifanya kuwa asiyekuwa, anayechukua fedha za mteja kwa jina la shirika na kutoweka. Fundi aliyesoma, anayekaa kijijini, ambaye kila mtu anajua nyumbani kwake, ni mtu mwingine kabisa. Ukiwaondoa wote kwa siku moja, kitongoji kitabaki na nguzo bila fundi, na kazi itafanyika usiku.

Hesabu ya fundi

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, kila fundi aweke za kwake. Fundi analipwa Sh200,000 kwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, vifaa vikiwa juu ya mwenye nyumba. Anatoa Sh50,000 za kibarua na nauli, na Sh40,000 za mhuri. Anabaki na Sh110,000. Asingelipia mhuri, angebaki na Sh150,000.

Sasa tuseme kujiweka sawa kunamgharimu Sh400,000 za mafunzo na kupimwa upya, Sh500,000 za vifaa vya kupimia, na Sh200,000 za ada, picha, nakala na safari. Jumla ni Sh1,100,000. Ukigawa kwa Sh40,000 anazookoa kila nyumba, unapata nyumba 28. Anayefanya nyumba 24 kwa msimu atarudisha fedha zake kwenye nyumba ya nne ya msimu wa pili. Kuanzia hapo leseni inamlipa yeye.

Lakini anayefanya nyumba nane tu kwa mwaka atahitaji miaka mitatu na nusu. Kwake yeye hesabu ni nzito, hasa kwa kuwa leseni ina muda wake na huhuishwa kwa malipo. Mtu huyo ni heri aungane na wenzake watatu au wanne, mmoja wao mwenye sifa akate leseni, wanunue kipimo kimoja, na wagawane kazi kwa makubaliano ya maandishi.

Lipo na jambo la kuangalia kabla ya kulipa senti moja. Soma masharti ya daraja unaloomba: unaruhusiwa kazi ya ukubwa gani, na unaruhusiwa kuisaini mwenyewe au chini ya mkandarasi? Hesabu niliyotoa inasimama tu kwa leseni inayokuruhusu kusaini. Fundi anayekata daraja lisilolingana na kazi zilizoko kijijini kwake amenunua jembe lisilo na mpini.

Upande wa mapato nao una faida isiyoonekana kwenye hesabu ya nyumba. Shule, zahanati, ghala la chama cha msingi na mwekezaji wa mashine ya kukoboa huomba leseni, TIN na risiti. Kazi moja ya ghala inaweza kuzidi nyumba kumi za watu binafsi. Fundi wa mhuri wa kuazima hafiki kwenye meza hiyo.

Tatu, kuna suala la msimu. Nyumba za vijijini huwekwa umeme kwa kufuata fedha za mavuno. Ukanda wa korosho, Mtwara na Lindi, fedha zinaingia minada inapoanza Oktoba. Ukanda wa alizeti, Singida na Dodoma, mavuno ni kati ya Mei na Julai. Fundi ambaye pia ni mkulima atakuta kazi za umeme zinamjia mara tu baada ya mavuno yake mwenyewe, ambapo ana nafasi. Hiyo ni neema, ila maana yake ni kwamba leseni na vifaa viwe tayari kabla ya msimu. Anayeanza kuhangaikia leseni minada ikiwa imeshafunguliwa amechelewa mwaka mzima. Na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila nyumba, kila ujira, kila nauli.

Mkulima anapoteza nini?

Tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ilitangazwa kuwa Sh27,000, wakati mjini ilirudi kwenye Sh320,960 kwa aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Hiyo Sh27,000 ni sawa na VAT ya asilimia 18 ya Sh150,000, yaani mwananchi wa kijijini amebebewa gharama yenyewe na kuachiwa kodi tu. Matokeo yake ni kwamba gharama kubwa ya umeme kijijini haiko tena kwenye nguzo, iko ndani ya nyumba: nyaya, mabomba, swichi, soketi na fundi. Na mtu akitaka kubana matumizi, anabana hapo.

Kwa nyumba ndogo sana isiyo na nyaya kipo kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachompa mteja taa na soketi bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kwa anayeanza ni msaada. Lakini mkulima anayetaka kufanya biashara atahitaji zaidi ya hapo, na kosa la fundi lina bei.

Chukua mfugaji ambaye banda lake la kuku liko mita 60 kutoka nyumbani. Anataka kutumia vifaa vinavyovuta ampia 20. Fundi wa bei rahisi anavuta waya wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa soketi za sebuleni. Waya wa shaba wa ukubwa huo hupoteza milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita. Zidisha 18 kwa 20 kwa 60, unapata volti 21.6. Katika volti 230, bandani zinafika 208 hivi. Upotevu ni zaidi ya asilimia tisa. Mota ya pampu inapata joto, na taa za vifaranga zinafifia usiku wa baridi. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza milivolti 7.3, na kwa hesabu ile ile upotevu unashuka hadi volti 8.8, chini ya asilimia nne.

Tofauti ya bei ya waya ni kubwa siku ya kununua. Lakini mita ya LUKU inahesabu pia umeme unaoishia kuupasha waya joto, mwezi baada ya mwezi. Ongeza bei ya kusuka mota upya na vifaranga waliokufa. Rahisi ni ghali, na kwenye umeme ughali wake unaweza kuwa roho ya mtu.

Uingereza walikopita

Tatizo hili si letu peke yetu. Soketi zetu za pini tatu bapa na kanuni nyingi za mafundi wetu zilitoka Uingereza, kwa hiyo inafaa kuona wenzetu walifanya nini.

Hadi mwisho wa mwaka 2004 fundi umeme wa kujiajiri huko aliweza kufanya kazi za majumbani bila kusajiliwa popote. Kuanzia Januari 1, 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zikaongezewa sehemu inayoitwa Part P. Fundi akawekewa milango miwili. Wa kwanza, ajiunge na mpango wa usajili, akaguliwe kazi zake, alipe ada ya kila mwaka, na apewe haki ya kuthibitisha kazi yake mwenyewe. Wa pili, asijiunge, lakini kabla ya kazi inayohusika aiarifu idara ya ujenzi ya halmashauri na kulipia ukaguzi.

Mafundi wengi wa siku nyingi walilalamikia gharama. Mwaka 2013 England ikapunguza kazi zinazolazimu taarifa, zikabaki zile za hatari kubwa kama kuongeza njia mpya ya umeme au kubadilisha kisanduku cha breka. Pia ikafungua mlango wa tatu: mkaguzi aliyesajiliwa anaweza kwenda kuikagua na kuipima kazi ya fundi asiyesajiliwa, na kuisaini.

Angalia mlango huo wa tatu vizuri. Kwa sura unafanana na mhuri wetu: mmoja anafanya kazi, mwingine anasaini. Tofauti ni kwamba wa kwao anatakiwa kufika na kupima. Nasi tunao muundo tayari, na mwananchi anaulipia tayari. Kinachokosekana ni safari ya mwenye mhuri kutoka ofisini hadi kwenye nyumba, akiwa na kipimo mkononi.

Rangi zinazoua

Fundi anayerudi asidhani sheria ndiyo iliyobadilika peke yake. Zamani waya mwekundu ulikuwa wa moto na mweusi ulikuwa nyutro. Uingereza iliruhusu rangi mpya mwaka 2004 na kuzilazimisha kuanzia Aprili 2006: kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Kwenye maduka yetu utazikuta zote mbili.

Hatari kubwa iko kwenye umeme wa njia tatu, ambao ndio wa mashine za kusaga na kukoboa. Katika rangi za zamani bluu ilikuwa njia ya moto na nyeusi nyutro. Katika rangi mpya bluu ndiyo nyutro, na nyeusi ni njia ya moto. Fundi mwenye mazoea ya miaka 20 anaweza kuishika nyeusi akiamini ni nyutro. Kanuni ni moja: usiamini rangi, pima.

Na kupima si kuchomeka taa na kuona inawaka. Nyaya hupimwa kabla ya kuwekewa umeme, kwa kipimo ambacho mafundi hukiita mega, kwa volti 500, na usomaji usiwe chini ya megaomu moja. Waya wa ethi upimwe kama umeunganika kutoka kila soketi hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Breka inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, ijaribiwe kama inakata kweli. Banda la ng'ombe lenye sakafu ya maji na mkojo haliwezi kutegemea breka ya kawaida tu.

Nini kifanyike

Kwa fundi: kabla ya msimu ujao, chukua cheti chako cha zamani ukiulizie VETA kinalingana na ngazi gani ya sasa. Ulizia ofisi ya EWURA ya kanda yako daraja linalokufaa. Fanya hesabu ya nyumba kama tulivyofanya hapo juu. Ikikubali, kata leseni. Isipokubali, fanya kazi chini ya mwenye leseni anayekuja kupima, na mlipe kwa kupima. Vikundi vinavyostahili viulizie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Mega moja kwa mafundi watano ni ombi linaloeleweka mezani.

Kwa mkulima na mfanyabiashara: usiulize bei tu. Muulize fundi leseni ni ya nani, na mwenye leseni atakuja siku gani. Usimalize malipo hadi upimaji ufanyike mbele ya macho yako na usomaji uandikwe kwenye karatasi unayobaki nayo. Kama unalipia mhuri hata hivyo, ni haki yako kupata ukaguzi.

Kwa EWURA, TANESCO na VETA: msako pekee hautatosha kwa vitongoji 64,359. Upimaji wa ujuzi usogezwe wilayani, ufanyike kabla ya misimu ya mavuno. Fomu ya maombi ya umeme itake usomaji wa vipimo na tarehe ya ukaguzi, na isipokelewe ikiwa na mhuri mtupu. Baadhi ya nyumba zikaguliwe kwa kushtukiza, na mwenye mhuri aliyesaini nyumba asiyoifikia awajibishwe yeye kwanza, kabla ya fundi aliyetoka jasho.

Serikali imetumia fedha nyingi kuifikisha nguzo kijijini. Itakuwa hasara kubwa kama umeme huo utaishia kuchoma nyumba na mota za wakulima kwa sababu mtu wa mwisho katika mnyororo, yule mwenye koleo mkononi, aliachwa achague kati ya leseni asiyoweza kuifikia na mhuri wa kununua.